Tafuta Swali Kabla ya Kutafuta Kiti

Kijana aliyemaliza shahada ya kwanza kwa alama nzuri, akaipenda falsafa, huja kuomba ushauri akiwa na maswali mawili: uzamili nikasome wapi, na ufadhili nitaupata wapi. Yote mawili yana majibu na nitayagusa humu. Ila kabla ya kumjibu humwomba anitajie jambo moja linalomnyima usingizi, jambo ambalo angeendelea kulifikiria hata kama hakuna anayemlipa. Akilitaja bila kusita, naanza kuamini kwamba atafika. Akinitajia jina la mwanafalsafa, tuna kazi ya kufanya kwanza.

Njia ya uhadhiri ni ndefu. Shahada ya kwanza ni miaka mitatu au minne, uzamili miwili, uzamivu minne na kuendelea, na katikati yake kuna misimu ya kufundisha vipindi vya muda kwa malipo yanayochelewa. Aliyeingia kwa kupenda cheo huishia njiani. Nimewaona wanaodumu, na karibu wote wana swali wanalotembea nalo.

Mfano ulio karibu nasi ni Henry Odera Oruka. Alizaliwa Nyanza mwaka 1944, akapelekwa Uppsala, Sweden, kusomea sayansi, akageukia falsafa, akasoma pia Chuo Kikuu cha Wayne State kule Detroit, na mwaka 1970 akaanza kufundisha Nairobi. Alikuta ubishi umepamba moto. Placide Tempels, mmishonari wa Kibelgiji aliyefanya kazi Katanga, alikuwa amechapisha mwaka 1945 kitabu juu ya falsafa ya Kibantu. Alexis Kagame wa Rwanda akafuata mwaka 1956 kwa kuichambua lugha ya Kinyarwanda. John Mbiti, akiwa Makerere, akatoa kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika mwaka 1969. Kisha Paulin Hountondji wa Benin akawapinga: fikra za kabila zima, zisizo na mwenyewe wa kuzitetea, haziwezi kuitwa falsafa.

Odera Oruka angeweza kuchagua upande na kuandika makala za kuusifu. Badala yake alijiuliza jambo ambalo wachache walikuwa wamekwenda kulichunguza: je, vijijini hakuna mtu mmoja mmoja, asiyesoma shule, anayefikiri kwa kukosoa na kujitegemea? Akaenda kukaa na wazee, akauliza, akabisha, akarekodi. Akawatenga wazee wanaojua mila na kuisimulia vizuri na wale wanaoijua mila kisha wakaihoji. Akawataja kwa majina: Paul Mbuya Akoko, Okemba Simiyu Chaungo, hata baba yake mzazi, Oruka Rang'inya. Kazi hiyo ilianza miaka ya sabini mwanzoni na kitabu kikuu kikatoka mwaka 1990. Swali hilohilo ndilo lililomfikisha mahakamani kama shahidi mtaalamu wa mila za Waluo katika kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, iliyoamuliwa mwaka 1987. Alianzisha jarida, akaandika kitabu cha kufundishia maadili, na mwaka 1991 kongamano la falsafa la dunia likafanyika Nairobi. Ukifuatilia kazi zake, nyingi zinarudi palepale: nani anafikiri, na nani anasikilizwa?

Swali utalipataje? Nenda mahali ambapo watu wenye akili na nia njema wanatofautiana, na wote wana la kusema. Nitakupa moja ninalolijua vizuri kwa kuwa ni la maadili ya utafiti, uwanja wenye uhaba wa wanafalsafa.

Timu ya utafiti wa malaria inafika kijijini kuchukua damu ya watoto. Imepita wilayani, imepita kwa mtendaji wa kata, mwenyekiti wa kijiji ameitisha mkutano na mkutano umekubali kwa makofi. Muuguzi anamwendea mama mwenye mtoto wa miaka mitatu. Anamsomea fomu ya kurasa nne, anamwonyesha mahali pa kusaini au kuweka dole gumba. Mama anasikiliza mpaka mwisho, halafu anasema, "Ngoja nimuulize baba yake." Baba yuko mnadani, hatarudi kabla ya jioni. Muuguzi bado ana nyumba kumi na mbili za kupita, na gari linaondoka saa nane.

Kanuni zinasemaje? Zile za Nuremberg za mwaka 1947, zilizotokana na kesi ya madaktari wa Kinazi, zinaanza na hiari ya mtu mwenyewe. Azimio la Helsinki, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, linaruhusu kuwashauri ndugu na viongozi wa jamii, lakini linakataza kumwingiza mtu mzima mwenye akili timamu katika utafiti bila ridhaa yake mwenyewe. Vizuri. Sasa mrudie yule mama. Yeye anaweza kukuambia kwamba haombi ruhusa ya mtu. Anaamua kwa namna anavyoamua kila jambo kubwa la nyumba yake. Je, kumngoja baba ni kumheshimu mama au ni kumpunguzia hadhi? Makofi ya mkutano yana uzito gani? Angekataa, angeweza kuishi pale bila kunyooshewa kidole? Na muuguzi mwenye gari linaloondoka saa nane, yeye ana uhuru kiasi gani?

Sasa ukimfungua Kant unajua unatafuta nini. Ukimsoma Kwasi Wiredu juu ya maafikiano, au mabishano ya Ifeanyi Menkiti na Kwame Gyekye juu ya mtu na jamii yake, kila ukurasa unakupa cha kukubali au cha kukataa. Msomaji asiye na swali hunakili muhtasari. Mwenye swali hugombana na kitabu.

Halafu lipunguze. "Maadili na maendeleo barani Afrika" si mada ya tasnifu, ni jina la mkutano. "Je, kibali cha mkutano wa kijiji kinaweza kupunguza wajibu wa kupata ridhaa ya mzazi katika utafiti wa afya?" hiyo unaweza kuimaliza kwa miaka miwili, na ukimaliza utakuwa unajua jambo ambalo wizara, hospitali na watafiti wenyewe wanalihitaji.

Makaratasi

Hapa nitakwenda haraka kwa kuwa mambo haya yameandikwa kwenye matangazo ya ajira, na dawa ni kuyasoma mapema, ukiwa bado mwaka wa kwanza. Kwa vyuo vikuu vya umma Tanzania, mlango wa kwanza ni ukufunzi msaidizi, unaodai GPA isiyopungua 3.8 kati ya 5 katika shahada ya kwanza. Uhadhiri msaidizi unadai uzamili wenye GPA isiyopungua 4.0 juu ya ile 3.8. Mtu mwenye 3.7 anaweza kuwa mwanafalsafa bora kuliko mwenye 4.2, na nimeumia kuwaona wakikwama, lakini mfumo wa maombi haujui hilo. Kwa hiyo mwaka wa kwanza usiuchezee. Alama zake ni ngumu kuzifidia baadaye. Kenya, vigezo vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya mwaka 2014 viliweka shahada ya uzamivu kuwa sharti la kuwa mhadhiri kamili.

Mahali pa kusomea pako zaidi ya pale unapopafikiria. Walimu wengi wa falsafa wa ukanda huu walianzia seminari, kama Ntungamo kule Bukoba au Kibosho kule Moshi, na malezi yale ya mantiki na historia ya falsafa huonekana hata kwa waliotoka bila kufikia upadre. Nairobi ina idara kongwe. Dar es Salaam falsafa inafundishwa pamoja na masomo ya dini. Na kama moyo wako uko kwenye maadili ya tiba, Muhimbili inafundisha uzamili wa fani hiyo. Usidhani huo ni mchepuko. Pengine ndiyo barabara yenye kazi nyingi kuliko zote.

Ufadhili wa uhakika zaidi ni ule wa kuajiriwa kwanza kama mkufunzi msaidizi, chuo kikakusomesha. Nje ya hapo kuna skolashipu za Jumuiya ya Madola kwa wanaokwenda Uingereza, kuna DAAD ya Ujerumani, na kuna CODESRIA ya Dakar, iliyoanzishwa mwaka 1973, ambayo imewasaidia watafiti wengi wa Kiafrika katika uandishi wa tasnifu.

Msimamizi ndiye atakayeamua kama utamaliza. Usimchague kwa umaarufu. Tafuta wanafunzi wake waliopo sasa, uwaulize jambo moja tu: rasimu hukaa kwake muda gani? Wakikwambia wiki tatu, umepata msimamizi. Wakiangaliana na kucheka, tafuta mwingine. Barua yako ya kwanza kwake iwe fupi: sentensi mbili za swali lako, sentensi moja ya kwa nini wewe ndiye wa kulishughulikia, tatu za makala yake uliyoisoma na mahali usipokubaliana nayo, kisha ambatisha kurasa tano ulizoandika mwenyewe. Maprofesa hupokea barua nyingi za kusifiwa. Za kupingwa kwa heshima ni chache, nazo hujibiwa.

Darasani

Wengi wanaota semina ya wanafunzi kumi na wawili wakijadili Aristotle. Ukiajiriwa utakabidhiwa ukumbi wa watu mia tatu: wahasibu, wauguzi, wahandisi na walimu watarajiwa, wote wamelazimishwa kuchukua kozi ya maadili, kipaza sauti kinakoroma na projekta inasubiri waya. Kwa mawazo yangu hapo ndipo falsafa ya Afrika Mashariki inapofanya kazi yake kubwa kuliko mahali pengine popote. Mhandisi yule atasaini hati ya zege lililopunjwa saruji au atakataa kusaini, na saa zako arobaini naye huenda ndizo pekee atakazofundishwa kulitazama jambo hilo kwa utaratibu.

Anza na kesi ya nyumbani yenye pande mbili za kweli. Mimi hupenda takrima. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa, ikamruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema kama desturi ya ukarimu wa kijadi. Usiwaambie kwanza yaliyofuata. Waulize: mgombea aliyegawa khanga na chumvi kwenye mkutano wa kampeni amekosea nini, na mjomba aliyechinja mbuzi kwa wageni wa harusi hakukosea nini? Wape dakika tano waandike kila mtu peke yake, kimya. Kimya hiki ni muhimu. Ukiruhusu mikono mara moja, wasemaji walewale sita watakula kipindi. Kisha wageukiane wawiliwawili. Kisha msimamishe mmoja, umwambie aeleze msimamo asioukubali mpaka mwenye msimamo huo aseme, "Ndiyo, hicho ndicho ninachosema." Hapo wanafunzi hujifunza jambo ambalo mihadhara kumi haiwafundishi: kwamba walikuwa hawajamsikia mwenzao.

Siku ya pili waambie kwamba mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivitangaza vifungu vile vya sheria kuwa vinakiuka Katiba kwa sababu vinabagua kati ya wenye nacho na wasio nacho. Sasa wana kitu cha kupimia hoja zao, na baadhi watagundua walifika walikofika majaji kwa akili zao wenyewe. Ukiwaambia hukumu mapema, wataikariri.

Kazi ya kuandika iwe nusu ukurasa. Insha ya kurasa kumi kwa watu mia tatu hutaisoma, nao wanajua hutaisoma. Katika nusu ukurasa dai vitu vinne: dai lako, sababu zake, pingamizi lenye nguvu kuliko yote, na jibu lako kwa pingamizi hilo. Sahihisha kwa vinne hivyo tu. Mwanafunzi atakuandikia: "Takrima ni mbaya kwa sababu ni kinyume na maadili yetu." Usimwandikie "eleza zaidi", hajui azidishe nini. Mwandikie: "Hapa umelirudia dai lako kwa maneno mengine. Nani anaumia, na anaumiaje?" Akirudi, mara nyingi anarudi na kitu kama hiki: anayepokea khanga anabaki na deni la shukrani, mwenye shida hana njia ya kulilipa ila kwa kura, kwa hiyo mgombea mwenye fedha anaanza mbio akiwa mbele, na mpiga kura mwenye njaa ana uhuru mdogo kuliko aliyeshiba. Huyo sasa anafikiri. Sentensi yako moja imefanya kazi.

Juu ya akili mnemba, sipigi marufuku na sifumbi macho. Nusu ukurasa huandikwa darasani kwa kalamu. Kazi ndefu huandikwa nyumbani, lakini kila mmoja hujua anaweza kuitwa kwa dakika tano kuitetea bila karatasi. Kwa darasa la watu mia tatu utaita thelathini, inatosha.

Na weka daftari la maswali wanayokuuliza. Muuguzi aliyekuuliza afanye nini akijua majibu ya kipimo cha UKIMWI cha mchumba wa dada yake amekuletea makala. Wahadhiri wanaolalamika kwamba kufundisha kunawamalizia muda wa utafiti mara nyingi wana utafiti umekaa mbele yao, safu ya tatu, umevaa sare nyeupe. Hata hivyo muda wenyewe lazima uulinde. Chagua asubuhi mbili za juma, zifunge, usipokee simu, usikubali kikao. Muhula ukianza bila asubuhi hizo kufungwa, utaandika mwezi wa likizo tu, na mwezi wa likizo una misiba na harusi zake.

Kwenda kwa wazee

Ukitafiti fikra za watu walio hai, unahitaji kibali kama mtafiti mwingine yeyote. Tanzania utapita COSTECH, Kenya NACOSTI, na kama jambo lako linagusa afya Tanzania bara, kuna kamati ya maadili ya NIMR. Anza miezi kabla. Kibali cha taifa hakikufikishi kwa mzee: bado kuna barua ya mkoa, ya wilaya, ya kata, na mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Usiikimbie ngazi hiyo ya mwisho. Mwenyekiti ndiye atakayekuambia mzee unayemtafuta amefiwa juzi na haifai kwenda na kinasa sauti.

Kuna jambo moja kwenye fomu za maadili litakukwaza, na ni vema ulijue. Fomu nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya utafiti wa tiba, na zinadai uyafiche majina. Kwa mgonjwa ni haki kabisa. Kwa mzee aliyekupa hoja yake, kumwita "mhojiwa namba 7" ni kumnyang'anya mali yake. Odera Oruka alichapisha majina kwa sababu hiyohiyo: hoja ina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kupingwa au kusifiwa. Eleza hivyo kwenye maombi yako. Omba ruhusa ya kumtaja kila atakayetaka kutajwa, weka kifungu cha asiyetaka, na ahidi kumrudia kila mmoja na maandishi ya maneno yake kabla ya kuchapisha. Kamati zikielezwa vizuri huelewa. Kisha utimize ahadi, kwa sababu mtafiti aliyechukua na asirudi huwafungia mlango watakaomfuata.

Ukiwa mbele ya mzee, usiulize "mila inasemaje?" Atakujibu kama mwalimu anavyomjibu mtoto. Muulize yeye anaonaje, kisha umpe mfano unaokwenda kinyume. Umesema mtoto asiyemtii baba hana radhi. Na baba akimwamuru aibe? Akitabasamu na kujipanga upya kwenye kiti, washa kinasa sauti kama hukukiwasha.

Kuchapisha, na lugha ya kuchapishia

Kupanda ngazi kunahesabiwa kwa maandiko yaliyopitiwa na wahakiki. Makala moja iwe na dai moja. Ukiona tasnifu yako ina madai matano, una makala tano, usizibane katika moja. Majarida yapo karibu: Thought and Practice, lile la Chama cha Falsafa cha Kenya ambalo Odera Oruka alilianzisha mwaka 1974 na likafufuliwa mwaka 2009, Utafiti la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mengine mengi yaliyokusanywa kwenye tovuti ya African Journals Online iliyoko Afrika Kusini. Kwa kusoma bila kulipa, anza na ensaiklopidia ya falsafa ya Stanford, iliyoanza mwaka 1995, ambamo utakuta makala ya D. A. Masolo juu ya falsafa ya wazee wenye hekima, kisha PhilPapers.

Majarida ya kilaghai yanawawinda hasa wahadhiri wetu kwa sababu tunabanwa na muda wa kupanda cheo. Barua pepe inakusifu kwa "mchango wako mkubwa", inaahidi majibu kwa siku tano, inapokea falsafa, kilimo na uhandisi katika toleo moja, na ada unaijua baada ya kukubaliwa. Futa. Makala iliyotoka huko haifutiki kwenye wasifu wako, na siku ya kikao cha kupandishwa cheo kuna mjumbe atakayeitambua. Jarida la kweli litakuchukulia miezi, nalo litakurudishia barua yenye kurasa mbili za ukosoaji mkali. Usiijibu siku hiyo. Kesho yake tengeneza jedwali: upande mmoja neno la mhakiki, upande wa pili ulichokibadilisha, au sababu ya kutobadilisha. Mhariri akiona jedwali hilo anajua anafanya kazi na mtu mzima. "Fanya marekebisho makubwa" maana yake mlango uko wazi, na inasikitisha ni wangapi huuacha.

Kuhusu lugha, nina msimamo. Andika kwa Kiingereza kwa ajili ya mjadala wa dunia, lakini katika kila makala tatu moja iwe ya Kiswahili, iliyofikiriwa kwa Kiswahili tangu mwanzo. Jarida la Kiswahili la Dar es Salaam lina wahakiki na linahesabika. Euphrase Kezilahabi, aliyepata uzamivu Wisconsin mwaka 1985, alikuwa na Kiingereza cha kutosha kuandikia chochote; maswali yake magumu kuliko yote aliyaweka katika Nagona na Mzingile, kwa Kiswahili, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Na Kai Kresse, Mjerumani, alikuja kukaa Mji wa Kale wa Mombasa akiwasikiliza akina Ahmad Nassir na Sheikh Abdilahi Nassir, akapata kitabu kizima cha falsafa kilichotoka mwaka 2007. Ni kitabu kizuri. Linaloniuma ni kwamba mabaraza yale yalikuwa pale miaka yote, na sisi tulipita mbele yake tukienda maktaba.

Usaili na kiti kingine

Siku ya usaili, baada ya mchujo wa kuandika, mara nyingi utaombwa ufundishe kwa dakika kumi na tano mbele ya jopo. Usifundishe historia ya falsafa. Chukua kesi moja, wafanye wajumbe wenyewe wajibu, waonyeshe pingamizi moja, malizia ndani ya muda. Jopo lina mhasibu wa chuo na mtu wa utumishi, na wote wawili watakumbuka swali ulilowauliza. Jiandae pia kujibu utafundisha nini nje ya idara yako. Mwombaji anayeweza kubeba maadili ya uhandisi, ya uuguzi na ya uandishi wa habari humrahisishia mkuu wa idara mgawanyo wa vipindi.

Wakati ukingoja kiti hicho, au hata ukishakipata, kuna kiti kingine ambacho wanafalsafa wachache hukiomba: ujumbe wa kamati ya maadili ya utafiti. Kamati hizi zimejaa madaktari na huhitaji mtu wa nje ya tiba. Posho ni ndogo na usomaji ni mwingi. Lakini hapo ndipo ile fomu ya kurasa nne inapopitishwa, na ndipo mtu anaweza kusema, kabla timu haijapanda gari, kwamba ratiba lazima iache nafasi ya mama kushauriana na baba wa mtoto na kujibu kesho yake. Jifunze kusoma pendekezo la utafiti hata kama takwimu zake hazikuingii: tazama wanawashirikisha akina nani, wanawalipa nini, nani anabeba hatari, na matokeo yatarudi wapi. Chukua cheti cha mafunzo ya maadili ya utafiti. Programu ya TRREE inayatoa bure mtandaoni na ukifanya jioni jioni unakimaliza mapema. Kisha mwandikie katibu wa kamati ya hospitali ya rufaa au chuo kilicho karibu nawe, ambatisha cheti, wasifu wa kurasa mbili na nakala ya andiko lako moja, umwombe uhudhurie kikao kimoja kama msikilizaji.